Langi Yote ya Zamani

Kazi niliipata kwa sababu ya bibi yangu, Mwanawetu. Si kwamba bibi alikuwa na mtu wake huko ofisini. Hakumjua hata kondakta mmoja. Lakini alinilea Kibuli, katika nyumba ambayo mtoto akisema "kitabu yangu" hapewi chai mpaka arudie vizuri. Na miaka ile serikali ilikuwa imetangaza kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa, kwa hiyo mashirika yote ya umma yalikuwa yakihangaika kutafuta watu wa kukiandika. Shirika la Mabasi ya Ukanda wa Ziwa lilikuwa na wahandisi na wahasibu, na mabasi yake yalifika Entebbe, Jinja na Masaka. Mtu wa kuandika kumbukumbu za kikao kwa Kiswahili halikuwa naye. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ukatibu miezi miwili kabla. Nikapewa meza, taipureta, na cheo kirefu kuliko mimi mwenyewe: Katibu Msaidizi wa Bodi.

Bodi ilikuwa na viti vitano. Cha mbele kilikuwa cha mwenyekiti, Meja Jafar, mwanajeshi mnene mwenye sauti ya uwanja wa gwaride. Hakuwahi kuendesha basi, lakini aliyapenda mabasi yake kama mtu anavyopenda ng'ombe. Kulia kwake aliketi Meneja Mkuu, Bwana Tajudin, ambaye alianza kazi akiwa dereva na bado alinusa mikono yake kabla ya kupeana salamu, kuhakikisha haina dizeli. Palikuwa na bwana mmoja wa wizara na mwingine wa halmashauri ya jiji, ambao walikubali kila kitu. Kiti cha tano kilikuwa cha mwakilishi wa wafanyakazi, Mzee Okullo, dereva wa njia ya Port Bell.

Azimio likishapita, safari yake ilikuwa ndefu. Niliandika mimi, meneja akasaini, nakala ikashuka ghorofa tatu, ikapanda basi mpaka depo ya Bugolobi. Huko karani wa depo, Bwana Lubowa, aliligeuza kuwa tangazo kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa dereva hana muda wa kusoma kumbukumbu.

Kanuni ya bodi ilisema kwamba katibu msaidizi hazungumzi kikaoni isipokuwa anaposoma kumbukumbu. Kanuni hiyo niliipenda. Nilijifunika nayo kama shuka.

Mtu mmoja tu alikuwa akinifunua. Kila asubuhi, basi la samawati liliposimama chini ya kilima cha Kibuli, Mzee Okullo alipiga honi mara mbili na kuwatangazia abiria, "Pisha njia! Bodi imefika!" Mimi nilijificha kwenye mtandio wangu mpaka mjini. Alikuwa Mlangi, mtu wa Lira huko kaskazini, mrefu, karibu miaka hamsini. Siku yangu ya kwanza kazini, nilipokuwa nimesimama kituoni nikilia kwa woga, yeye ndiye aliyeniambia, "Binti, panda. Wote mle ofisini wanaogopa. Wewe utakuwa tu wa kwanza kuonekana."

Mwaka ule, 1975, viongozi wa Afrika nzima walikuwa waje Kampala kwa mkutano wao mkubwa mwezi wa Julai. Shirika letu lilikuwa limeunganishwa kutokana na kampuni tatu ambazo wenyewe walikuwa wameondoka, kwa hiyo tulikuwa na mabasi mekundu, mabasi ya samawati, na mengine yenye rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Meja Jafar aliona aibu. "Wageni watafikiri sisi ni soko ya mitumba," alisema. Bodi ikaazimia kwamba rangi zote za zamani ziondolewe katika mabasi kabla ya Ijumaa, tarehe kumi na nane, na mabasi yapakwe kijani na nyeupe.

Mzee Okullo hakuwepo kikaoni siku hiyo. Gurudumu la basi lake lilikuwa limepasuka mbele ya gereza la Luzira, naye alituma salamu kwamba hapo si mahali pa kuacha basi peke yake, huenda likafungwa.

Jumanne iliyofuata nilisimama kituoni na basi halikuja.

"Labda limeolewa," alisema mama mmoja mwenye kikapu cha samaki.

"Nani alioe na sauti ile?" alijibu mwenzake.

Nilingoja mpaka saa mbili na nusu. Kisha nikaamua kutembea hadi depo ya Bugolobi, ambako ningepata gari la ofisi. Nilipoingia getini niliona basi la samawati limesimama mahali pake, mlango umefungwa. Kando yake yalisimama mengine sita. Watu walikuwa wamekusanyika mbele ya ubao wa matangazo, wala hawakuwa wakizungumza. Depo yenye watu wasiozungumza, sikuwahi kuiona. Nikapenya, nikasoma.

TANGAZO. AMULI YA BODI. LANGI YOTE YA ZAMANI ITOKE KWENYE MAGALI KABLA YA IJUMAA. HAKUNA LUHUSA KUBAKIZA HATA MOJA. MEJA ANAKUJA KUANGALIA MWENYEWE.

Ulikuwa mwandiko wa Bwana Lubowa. Bwana Lubowa ni Muganda, na ulimi wake, kama ulimi wa nusu ya Kampala, hauoni mpaka kati ya l na r. Gari kwake ni gali, amri ni amuli, habari ni habali. Mimi nilijua mara moja alichotaka kusema, maana azimio lile nililiandika mimi. Lakini mtu wa Lira angelisomaje? Angeona jina la kabila lake chini ya amri ya bodi. Bibi yangu angesema kwamba kwa Kiswahili safi watu "hawatoki" kwa "yote", wangetoka kwa "wote". Sasa nani huko depo anasema hivyo? Hata askari barabarani husema, "Watu yote ingia ndani."

"Mzee Okullo yuko wapi?" nilimuuliza Alal, kondakta wake, msichana wa rika langu.

Alal alinivuta nyuma ya pampu ya dizeli. "Alisoma. Akavua kofia ya kazi, akanipa ufunguo wa basi. Ameenda na mke wake Port Bell. Ile meli ya kubeba mabehewa inaondoka saa tisa kwenda Kisumu, na ana rafiki kwenye injini. Hao madereva wengine sita wa kwao wamejificha, sijui wapi."

"Alal, ni rangi! Rangi ya kupaka!"

Alinitazama kwa huruma. "Dada Sabah. Wale askari Walangi waliochukuliwa kambini mwaka ule wa mapinduzi, waliitwa kwa gwaride tu, na hawakurudi. Neno tamu la ofisini siyo dawa. Wewe unaweza kumwambia hivyo na yeye akaamini?"

Nilifikiri. Sikuweza.

Nikauliza Bwana Lubowa yuko wapi. Wakaniambia yuko mjini anatafuta rangi ya kijani. Hapo simu ya ofisi yake ikalia, nikaipokea kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Ilikuwa sauti ya Bwana Tajudin, ndogo kama ya mtu aliye ndani ya kabati. "Sabah? Njoo haraka. Kikao cha dharura saa tano. Mwenyekiti anasema ni mgomo."

Mgomo. Dereva aliyekimbia kwa hofu anaweza kurudi akacheka. Dereva ambaye bodi imeandika kwamba amegoma hatafutwi na bodi. Hutafutwa na landrova ya jeshi. Nikang'oa tangazo ubaoni, pini zikaruka, nikalikunja na kulitia mkobani. Ulikuwa wizi wangu wa kwanza, na wa mali ya umma.

Saa tano kamili Meja Jafar alikuwa amesimama, hakuketi. Kiti cha tano kilikuwa kitupu.

"Basi saba imelala!" alisema. "Wageni wanakuja, na dereva wangu anagoma! Mimi nawapa sare mpya, nawapa chai, na wao wanagoma! Andika, katibu. Bodi inasema hii ni mgomo. Mimi natuma gari ya askari, hao saba waletwe."

Bwana wa wizara alitikisa kichwa kukubali. Bwana wa halmashauri alikubali zaidi. Bwana Tajudin alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Niliandika tarehe juu ya karatasi, kisha nikaweka kalamu chini. Ndipo nikaikumbuka kanuni yangu, ile shuka. Isipokuwa anaposoma kumbukumbu.

"Afande Mwenyekiti," nilisema.

Meja alitazama huku na huku, kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. "Nani anasema?"

"Mimi, afande. Kanuni ya sita. Kumbukumbu za kikao kilichopita zisomwe kwanza."

Nilisikia taipureta ikigonga chumba cha pili.

"Ni kweli, afande," alisema Bwana Tajudin, akivaa miwani polepole. "Kumbukumbu zisiposomwa, kikao hakijaanza. Na kikao kisipoanza, hakuna azimio."

Meja Jafar alipenda sana mambo kwenda kwa utaratibu, hasa akiwa na hasira. Akaketi. "Haya. Soma. Haraka."

Nikasoma, na sauti yangu ilitoka nyembamba lakini ikatoka. Nilipofika azimio la nne nilipunguza mwendo. "Rangi zote za zamani ziondolewe katika mabasi." Kisha, bila kuinua macho, nikatoa karatasi mkobani. "Na hivi ndivyo lilivyobandikwa depo." Nikalisoma kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Langi yote ya zamani itoke kwenye magali.

"Langi gani?" aliuliza Meja.

Niliona uso wake ukilitafuta neno, ukalipata, na kwa muda kidogo nilitamani niwe Kibuli chini ya kitanda cha bibi.

"Leta Lubowa," alisema kwa sauti ya chini.

Bwana Lubowa aliletwa kutoka dukani. Aliingia akitabasamu, amekumbatia kopo kubwa, vidole vyake vya kijani mpaka kwenye pete. "Afande, langi imepatikana!"

"Weka chini. Sema rangi."

"Langi."

"Sasa sema wale watu wa Lira."

"Langi."

"Lubowa, hiyo ni moja!"

"Hapana, afande," alisema Bwana Lubowa kwa upole, kama mwalimu. "Sikiriza vizuri. Langi, ni watu. Langi, ni ya kupaka. Masikio yangu inasikia tofauti kabisa."

Bwana wa halmashauri, naye Muganda, alijaribu kusaidia. "Afande, anataka kusema langi," akasema, na papo hapo akaziba mdomo wake kwa mkono.

Meja Jafar alianza kucheka. Kicheko kilianzia mabegani, kikashuka tumboni, meza ikasogea. Sisi wengine tulingoja kuona ni kicheko cha namna gani, na tulipoona machozi yanamtoka tukacheka pia, mimi ndani ya mtandio wangu.

"Lubowa," alisema akijifuta, "ulitaka kunimalizia madereva! Basi mimi natuma landrova sasa hivi na askari sita, wamwambie Okullo ni mchezo, arudi!"

Kicheko kilikatika. Kila mtu alitazama meza. Safari hii sikuwa na kanuni yoyote ya kujifunika.

"Afande," nilisema, "Mzee Okullo akiona askari sita, ataruka ziwani kabla hawajasema neno la kwanza."

Meja alinyoosha kidole kwangu. "Huyu msichana anasema kidogo," alimwambia Bwana Tajudin, "lakini anasema." Kisha kwangu: "Andika tangazo mpya. Na isiwe na hiyo herufi. Zote mbili! Halafu mwende nyinyi."

Nikaandika pale pale. Si rahisi kuandika Kiswahili bila l wala r, jaribuni. Niliandika: "Mabasi yote yapakwe upya, yawe kijani na nyeupe. Mwisho Ijumaa." Nikapumua. Halafu mkono wangu ukaongeza sentensi moja ambayo bodi haikuazimia na hakuna aliyeniomba: "Watu wote wabaki kazini."

Meja alisoma. Alifika pale mwisho, akasimama. Kidole chake kilikaa juu ya neno "wote". Hakuniuliza kitu. Akasaini, akapiga muhuri mwenyewe, kwa nguvu, mpaka kopo la rangi likaruka.

Bwana Lubowa akalisoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukosea herufi hata moja. Akajisikia vizuri, akalirudia.

Dereva wa kutupeleka hakuwepo. Bwana Tajudin akalegeza tai yake. "Nimeendesha Port Bell miaka tisa," alisema. Kwa hiyo saa nane tulitoka Bugolobi na basi la samawati: Meneja Mkuu kwenye usukani, Alal mlangoni, Bwana Lubowa na kopo lake kiti cha mbele, na mimi na tangazo. Tungefika kwa dakika ishirini, lakini kila kituo kilikuwa kimejaa watu waliongoja tangu asubuhi, na Bwana Tajudin hakuweza kuwapita.

"Bwana Meneja, meli!" nilisema.

"Ratiba ni ratiba," alijibu kwa huzuni, akisimama tena.

"Dereva, tai ya nini?" aliuliza mama mmoja akipanda. "Unakwenda kuoa?"

"Anakwenda kuposa, mama," alisema Alal. "Kaa nyuma."

Lakini miaka mingi ya ofisini ilikuwa imemharibu mguu. Kila alipobadilisha gia, basi lilipiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa. Tulishuka mteremko wa Port Bell saa tisa kasorobo, tukipiga kelele hivyo, abiria wamejaa mpaka mlangoni.

Meli ilikuwa bado. Mabehewa yalikuwa yakisukumwa ndani moja moja. Nilitazama kila mahali: wachukuzi, magunia ya kahawa, polisi mmoja aliyesinzia. Mzee Okullo hakuonekana. Bwana Tajudin akajaribu kurudi nyuma ili asimame vizuri, na gia ikalia kuliko mara zote.

"Nani huyo anaua gia yangu!"

Sauti ilitoka nyuma ya behewa. Kisha akatoka yeye mwenyewe, mrefu, amevaa koti la safari, akitembea haraka kuja kwetu. Mke wake, Mama Aloyo, alikuwa akimvuta koti kwa nyuma. "Baba, rudi! Baba, wewe umejificha!" Hakusikia. Alifika dirishani.

"Kanyaga mpaka chini! Kan— Bwana Meneja?"

Hapo akakumbuka. Uso wake ulijifunga. Alitazama basi zima, abiria wote, akitafuta askari. Nilishuka. Nilikuwa nimepanga hotuba njiani, yote ikapotea, nikampa tu karatasi.

Alisoma. Akasoma tena. Bwana Lubowa alikuwa ameshashuka na kopo. "Mzee, langi! Hii! Ya kupaka! Mimi ndiye mpumbavu, siyo Bodi!" Na katika kuonyesha, kifuniko kikatoka, na rangi ya kijani ikamwagika juu ya viatu vyake na juu ya sanduku la Mama Aloyo. Bwana Lubowa alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vipya. "Banange," alisema kwa lugha yake, karibu kulia.

Nadhani viatu vile ndivyo vilivyofanya kazi. Mtu anayekuja kukudanganya haji na viatu vipya akavimwagia rangi. Lakini Mzee Okullo alikuwa bado na swali, na aliniuliza mimi.

"Binti. Hii hapa mwisho, 'watu wote wabaki kazini.' Bodi imesema?"

"Bodi imesaini."

"Sikuuliza saini."

"Niliandika mimi," nilisema. "Hakuna aliyenituma. Mwenyekiti alisoma, akakaa kidogo, akasaini."

Alikunja karatasi kwa uangalifu, mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Meli ikapiga honi yake. Rafiki yake wa kwenye injini alichungulia na kupunga mkono. Mzee Okullo akampungia pia, kama mtu anayeaga mgeni.

"Kuku wangu!" Mama Aloyo akapiga kelele ghafla. "Nimewagawia majirani kuku watano! Twende haraka, yule Mama Kaltumi leo anapika!"

Bwana Tajudin aliondoka kwenye usukani bila kuambiwa. Tukarudi mjini kwa gia laini kama siagi, na tulipofika Luzira kila mtu ndani ya basi alikuwa ameshaijua habari na alikuwa akijaribu kusema rangi na langi, na kubishana nani amepatia. Kuku wanne walipatikana. Wa tano tulimla sote, na Mama Kaltumi akaomba radhi akiwa anapakua.

Wale sita wengine walirudi siku mbili baadaye, mmoja mmoja. Kila mmoja aliomba kwanza aonyeshwe karatasi ya Mzee Okullo.

Ijumaa ya tarehe kumi na nane Meja Jafar alikagua mabasi yote, akapitisha kidole kila mahali, akaridhika. Jumatatu yake nilisimama kituoni Kibuli, na basi la kijani na nyeupe likaja, likapiga honi mara mbili.

"Pisha njia! Bodi imefika!"

Nilipopanda, Mzee Okullo aliniita kwa kidole. Akainua zulia dogo lililo chini ya kiti chake. Pale chini palikuwa na kipande cha samawati, kipana kama kiganja, ambacho brashi haikukifikia.

"Moja ya zamani imebaki," alininong'oneza. "Katibu, usiandike."